Joto Lililomo Ndani ya Gundi



Ndugu mafundi, wazazi na walimu wenzangu, nimekuja kuzungumzia kazi ambayo wengi wenu mnaifanya kila siku. Ndoo imepasuka kitako, kava la taa ya pikipiki limevunjika pembe, kisigino cha kiatu kimemeguka. Fundi anachukua supagluu, anadondoshea kwenye ufa, halafu ananyunyizia unga: majivu ya mkaa, bekingi soda, pengine simenti kidogo. Kinasikika kimlio chembamba, kinapanda kimoshi cheupe, na kabla mteja hajatoa hela mfukoni ufa umeshakuwa jiwe. Kule saloni nako, dada anampaka mteja gundi kwenye kucha, anachovya kidole kwenye kikopo cha unga wa rangi, anapaka aktiveta, na kucha imekaza. Ni kazi nzuri. Inaokoa vitu ambavyo vingetupwa jalalani, inalisha familia, na mimi sikuja kuwaambia muiache.

Nimekuja kusema jambo moja. Wengi wetu tunaamini kwamba unga kazi yake ni kujaza shimo tu. Sivyo. Unga ndio unaoiamsha gundi igande mara moja, na gundi yoyote ya aina hii inapoganda hutoa joto. Joto hilo limo ndani ya gundi tangu ilipotoka kiwandani. Unga unachofanya ni kulilazimisha litoke lote kwa sekunde chache badala ya kutoka pole pole. Mtu akilielewa hilo, ataelewa kwa nini tone moja halimdhuru fundi na kifuniko kilichojaa kinaweza kumpeleka hospitali. Ataelewa pia kwa nini kitambaa cha pamba ni cha kuogopwa kuliko majivu yote yaliyo jikoni.

Tuanze na gundi yenyewe, maana historia yake inafundisha. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mkemia Mmarekani aliyeitwa Harry Coover alikuwa katika kampuni ya Eastman Kodak akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Katika kemikali walizozijaribu ilikuwemo jamii ya sianoakrilati. Ilinata kila kitu ilichogusa, wakaiona kero, wakaiweka kando. Mwaka 1951 Coover alikuwa Kingsport, jimbo la Tennessee, akisimamia kazi ya kutafuta plastiki inayostahimili joto kwa ajili ya vioo vya ndege za kivita. Mwenzake Fred Joyner alipaka utando mwembamba wa sianoakrilati katikati ya vioo viwili vya kipimo cha maabara ili apime jinsi mwanga unavyopinda. Alipomaliza kupima, vioo havikuachana tena. Kifaa cha bei kubwa kilikuwa kimeharibika. Safari hii Coover aliona kwamba kile walichokiita kero miaka tisa nyuma ndicho kilichokuwa na thamani. Gundi ikaingia sokoni mwaka 1958 kwa jina la Eastman 910, na mwaka uliofuata Coover akaenda kwenye kipindi cha televisheni, akaunganisha vipande viwili vya chuma kwa tone moja, na mtangazaji akaning'inia hapo miguu ikiwa juu ya sakafu.

Nimeieleza habari hii kwa sababu ya lile tukio la vioo vya maabara. Jiulizeni: Joyner hakutia unga, hakupasha moto, hakuchanganya na kitu kingine. Gundi iligandishwa na nini? Iligandishwa na unyevu. Kila kitu kilicho katika hewa yetu, kioo, chuma, ngozi ya mkono, kina utando mwembamba sana wa maji usioonekana kwa macho. Molekuli za sianoakrilati zikikutana na maji hayo, ya kwanza inafunguka na kuishika ya pili, ya pili inaishika ya tatu, na mnyororo unakimbia hivyo hadi umajimaji wote umekuwa plastiki. Kila kiungo cha mnyororo kinapofungwa, joto kidogo linatoka.

Basi kwa nini haigandi ndani ya chupa? Kwa sababu kiwandani hutiwa asidi kidogo sana inayoizuia. Asidi hiyo ni mlinzi wa mlango. Na sasa tumefika kwenye unga. Bekingi soda ni besi, yaani kinyume cha asidi. Majivu yana kabonati za potasiamu na za kalsiamu, nazo ni besi. Ndiyo maana wazee wetu walichuja majivu wakapata maji ya chumvi ya kulainishia mboga ngumu. Magadi ni besi. Simenti ni besi kali, kali kiasi cha kuchubua mikono ya mwashi asiyevaa glavu. Ukimwaga besi juu ya supagluu, ile asidi ya kiwandani inazimwa palepale, na mnyororo hauanzii tena mahali pamoja. Unaanzia kwenye kila punje ya unga, maelfu kwa maelfu, kwa wakati mmoja.

Niruhusuni niwape picha ya karibu ya kinachotokea, kwa sababu mwendo wake ni wa haraka na jicho linapitwa. Weka punje za bekingi soda kwenye kigae, kiasi cha kuchota kwa ncha ya kisu. Dondosha tone moja. Kwanza unga unalowa na kuwa kijivu, kama sekunde moja. Halafu rangi inarudi kuwa nyeupe kuanzia kingoni kwenda katikati, na hapo ndipo kimlio kinaposikika. Moshi unaouona si moshi wa kuungua. Ni mvuke wa gundi ambayo haijaganda bado, imefukuzwa na joto la ile iliyokwisha kuganda. Ukigusa upande wa chini wa kigae utasikia uvuguvugu. Tone lile limetoa joto lake, na kigae kimelinyonya. Hapo hakuna hatari ya kutaja, ilimradi uso wako uko mbali na mvuke.

Sasa chukua fundi mwenye haraka. Ufa ni mrefu, kudondosha tone kwa tone kunamchosha. Anamimina chupa nzima kwenye kifuniko cha soda, anatia majivu, anakoroga kwa kijiti ili apake kama pati. Kemikali ni zilezile, uwiano ni uleule, lakini mambo yamebadilika kabisa. Tone lina uso mkubwa ukilinganisha na ujazo wake, joto linapata pa kutokea. Lundo halina. Ugali ukishapakuliwa, tonge hupoa mkononi lakini bonge lililobaki sufuriani linaunguza ulimi nusu saa baadaye. Ndivyo ilivyo kwa gundi. Joto la katikati haliwezi kutoka, linapanda, na joto linapopanda mnyororo unakimbia zaidi, na unapokimbia zaidi joto linazidi kupanda. Ndani ya sekunde chache kifuniko hakishikiki. Gundi iliyobaki katikati inachemka na kurusha mvuke mzito usoni kwa mtu aliyeinama. Na mafundi wetu wote huinama, maana kazi ni ndogo na taa ni hafifu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na ningependa muishike kuliko zote: usichanganye kabla ya kupaka. Unga uwe kwenye ufa, gundi ifuate tone kwa tone, tabaka jembamba lipoe kabla ya tabaka linalofuata. Usiingize unga ndani ya chupa hata kidogo. Fundi atakayefanya hivyo hatapoteza muda. Tabaka tatu nyembamba hushika vizuri kuliko bonge moja, kwa sababu bonge hujaa matundu ya mvuke na huvunjika mahali hapohapo mteja akishafika nyumbani.

Nimesema pamba ni ya kuogopwa zaidi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia kweli, na wengi wa wanaoumia ni watoto.

Pamba haionekani kama unga. Lakini itazame kwa hadubini: ni nyuzi nyembamba mno zilizosokotana, kila uzi umebeba unyevu, na ndani ya uzi wenyewe kuna sehemu za molekuli zinazofanana na maji kwa namna zinavyoiamsha gundi. Eneo la nyuzi zote katika kipande cha fulana cha ukubwa wa kiganja ni kubwa kupita tunavyoweza kukisia. Tone likianguka juu ya kioo linagusa eneo la ukubwa wa shilingi. Likianguka juu ya fulana linafyonzwa, linasambaa, na kugusa eneo hilo lote kwa mara moja. Linaganda lote kwa pamoja. Joto linapanda hadi kitambaa kinatoa moshi. Na tofauti na kigae changu cha bekingi soda, chini ya fulana kuna ngozi.

Hii si nadharia. Madaktari wa majeraha ya moto katika nchi mbalimbali wameandika habari za wagonjwa walioungua hivi, na mfano unaojirudia ni uleule: mtoto amechukua gundi ya kucha ya mama au ya dada, amejaribu kufungua kifuniko kwa kuibana mapajani, imemwagika juu ya suruali ya pamba. Suruali inaganda kuwa ngumu kama ubao na wakati huohuo inapata moto. Mtoto anapiga kelele, mzazi anavuta suruali, suruali imeshikana na ngozi. Majeraha mengine yamefika tabaka la chini la ngozi na yamehitaji kupandikizwa ngozi nyingine. Yote hayo kwa gundi ya gramu chache, bila kiberiti, bila jiko.

Sufu nayo ni hivyohivyo. Karatasi laini za kujifutia ni hivyohivyo. Kwa hiyo, ndugu fundi, lile tambara la fulana kuukuu unaloliweka gotini ili kufutia gundi inayozidi ndilo kitu cha hatari kuliko vyote kibandani mwako. Ukimwaga kidogo mezani, usikimbilie pamba. Mwagia maji baridi, subiri igande, kisha kwangua. Tumia kipande cha mfuko wa nailoni kusawazishia, maana gundi hii haishiki vizuri kwenye plastiki ya mfuko. Ukivaa glavu, zisiwe za kitambaa. Na anayefanya kazi amekaa na chupa juu ya paja la suruali ya jinzi, naomba leo hii aihamishie mezani.

Akina dada wa saloni, niwarudie ninyi. Kwenye kikopo cha kuchovyea, yaani dipu, kuna unga wa plastiki uliotiwa kemikali ya benzoili peroksaidi. Kwenye kichupa cha gundi kuna sianoakrilati ileile ya fundi viatu. Na kwenye aktiveta kuna amini, ambayo ni besi. Mteja anaposema kucha inachoma mnapopaka aktiveta, hasemi uongo wala hajidekezi. Joto la tabaka zote mlizopaka linatoka kwa pamoja, na chini yake kuna nyama hai iliyojaa neva. Mkiwa mmepaka tabaka nene ili kazi iishe haraka, joto ni kubwa zaidi, kwa hesabu ileile ya bonge. Tabaka jembamba, aktiveta baada ya tabaka kutulia, na mteja akilalamika mnasimama. Nawaambia na hili: amini moja iliyozoeleka sana katika aktiveta, dimethili toluidini, Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku katika vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025 kwa hofu kwamba husababisha saratani. Bidhaa zinazokataliwa huko hutafuta masoko kwingine. Someni vibandiko vya vichupa vyenu, na yule anayewauzia mzigo muulizeni swali hilo kwa jina la kemikali.

Gundi ya kubandikia kope ni jamii hiyohiyo. Pedi za pamba zilizolowa gundi ya kope zisiachwe karibu na jicho.

Nimetaja mvuke mara kadhaa bila kuueleza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Japani, wataalamu wa polisi waligundua kwamba mvuke wa supagluu ukifungiwa ndani ya kasha na kitu kilichoguswa na mtu, alama za vidole zilizokuwa hazionekani hutokea nyeupe. Mvuke unatafuta unyevu na chumvi za jasho zilizoachwa na kidole, unaganda juu yake. Leo maabara za polisi duniani kote zinatumia njia hiyo. Sasa fikirini: kama mvuke huo unaweza kutafuta jasho la kidole lililokauka juu ya chupa, unatafuta nini katika uso wa fundi? Unatafuta jicho, ambalo limelowa daima. Unatafuta pua na koo. Ndiyo maana macho huwasha na kutoa machozi. Kwa wengine, baada ya miezi au miaka ya kuvuta mvuke huo kila siku, mapafu hukataa na kuanza kubana; pumu ya aina hiyo inajulikana kwa watu wanaofanya kazi na gundi hizi, na ikishaingia, hata kiasi kidogo huiamsha. Fundi simu katika kibanda cha bati chenye dirisha moja, ambaye hukohoa kazini na kupata nafuu siku asiyofungua, asiseme ni mafua ya vumbi. Aende hospitali na amwambie daktari anafanya kazi gani na anatumia gundi gani.

Feni iwekwe nyuma ya bega, hewa ipite usoni na kutoka nje, isielekezwe kwenye unga ukaruka. Miwani ya bei ndogo kabisa ya kuzuia vumbi inatosha kukinga tone linaloruka. Na kuhusu moto: gundi hii ikifika kama nyuzi joto 83 za Selsiasi, mvuke wake unaweza kudakwa na mwali. Bonge linalochemka ndani ya kifuniko halipaswi kuwa karibu na jiko la chai, wala na sigara. Wapo wanaotumia majivu ya sigara kama unga, wakikung'utia palepale kwenye ufa. Hao wanaleta besi na kaa la moto kwa pamoja.

Gundi nyingine nitazipitia kwa haraka, kwa sababu kanuni ni moja. Gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya utomvu na kigumisha, nayo hutoa joto inapokuwa bonge. Ukichanganya kopo zima na kuliacha kwenye kopo, linaweza kutoa moshi na kuyeyusha kopo la plastiki. Itandazeni kwenye ubao mpana. Pati ya magari ni hivyohivyo: fundi bodi anayeongeza kigumisha ili ikauke kabla mvua haijanyesha anaongeza joto, halafu pati inapasuka baadaye. Gundi ya kubandikia soli, ile inayonuka petroli, haihitaji unga wowote ili iwe hatari. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi jikoni. Miaka ya 1970 daktari Mturuki Muzaffer Aksoy alionyesha jinsi washona viatu wa Istanbul walivyopata saratani ya damu kwa kuvuta benzini iliyokuwa katika gundi zao. Habari hiyo inahitaji mhadhara wake.

Plasta ya Parisi mnaifahamu, ya kutengenezea dari na mapambo. Hii haina hata harufu, na kwa hiyo watu huiona ni ya watoto. Vijana wangu wa mwaka wa kwanza wa mafunzo huniambia ni chokaa tu. Mwaka 2007, huko Lincolnshire, Uingereza, mwanafunzi wa kike alitumbukiza mikono yake ndani ya ndoo ya plasta darasani ili apate sanamu ya mikono. Plasta ilipoanza kukaza ilipata moto, na kwa kuwa imekaza hakuweza kutoa mikono. Alipoteza karibu vidole vyote. Shule ilishtakiwa ikatozwa faini. Unga na maji, basi. Yeyote anayefundisha sanaa na yupo hapa, naomba asiruhusu kiungo cha mtoto kizamishwe ndani ya plasta, kwa kazi yoyote ile.

Na kuna unga ambao haupaswi kuletwa karibu na gundi kabisa. Unga wa klorini wa kutibu maji ya kisima na mabwawa ya kuogelea unabeba oksijeni nyingi na unaitoa kwa urahisi. Ukikutana na gundi, rangi, mafuta au kiyeyusho unaweza kuwasha moto wenyewe, na moshi wake huharibu mapafu. Hakuna ukarabati unaouhitaji. Kadhalika unga usio na jina, uliopimiwa kwenye karatasi dukani au uliookotwa kiwandani. Kama hujui ni nini, usiujaribie kwenye gundi. Vijana wanaoona video simuni na kutamani kujaribu vitu vyenye moshi na cheche, njooni chuoni kwetu. Tuna vyumba, tuna miwani, na tuna walimu ambao watafurahi kuwaonyesha kemia kwa usalama.

Sasa ajali imetokea. Tufanye nini?

Gundi imemwagika kwenye nguo na nguo inapata moto: maji baridi, mengi, papo hapo, juu ya nguo. Usivue kwanza. Endelea kumwagia maji yanayotiririka kwa dakika 20, iwe ya bomba au ya ndoo na kata. Kitambaa kilichoshikana na ngozi kiachwe hapo hadi hospitali. Usipake dawa ya meno, usipake yai, asali, mafuta ya taa wala majivu. Najua bibi zetu walitupaka hivyo kwa upendo, lakini vitu hivyo hufungia joto ndani na kuleta uchafu kwenye jeraha. Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi au nailoni safi, mpeleke.

Vidole vimeshikana: msivutane. Ngozi itachanika kabla gundi haijaachia. Loweka katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha taratibu pitisha mpini wa kijiko katikati, ukizungusha. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni inasaidia kwa vidole vya mtu mzima, mbali na moto. Haifai kabisa karibu na jicho, mdomo au kidonda. Na msiipake kwa pamba wakati gundi bado ni majimaji.

Midomo imeshikana: maji ya uvuguvugu kwa nje, mate kwa ndani, subira.

Jicho ndilo linalowatisha watu, na woga huo husababisha madhara makubwa kuliko gundi. Kichupa cha gundi ya kucha kinafanana na kichupa cha dawa ya macho kwa ukubwa, kwa umbo, kwa ncha, na kosa la kudondosha kimoja badala ya kingine limeandikwa hospitalini mara nyingi sana. Kope zikishikana, msizifungue kwa nguvu, msizikate. Suuza kwa maji ya uvuguvugu kwa robo saa, weka kitambaa safi chenye maji, nenda kwa daktari wa macho. Kwa kawaida kope huachia zenyewe ndani ya siku 1 hadi 4, kwa sababu machozi yanaing'oa gundi pole pole. Daktari ndiye atakayetazama kama kuna kipande kigumu kinachokwaruza mboni. Nyumbani, hifadhini gundi katika kasha lenye kifuniko, mbali na kabati la dawa, juu kuliko mkono wa mtoto.

Nimalizie na suala la kibandiko. Sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha pakiti ya gundi hii iwe na onyo kwamba ina sianoakrilati, kwamba ni hatari, kwamba hunata ngozi na macho kwa sekunde, na kwamba iwekwe mbali na watoto. Onyo hilo liandikwe kwa lugha ya nchi inamouzwa. Kwenye vibanda vyetu, supagluu nyingi zinauzwa zimening'inia kwenye karatasi yenye Kichina na Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mwenye miwani hazioni. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina ya mwaka 2007, lakini mkaguzi wa kazi hafiki kwenye meza ya fundi viatu iliyo chini ya mwembe, na fundi huyo hana mwajiri wa kumdai glavu. Kibandiko ndicho mkaguzi pekee anayeweza kufika hapo.

Lakini mmesikia lile onyo la Ulaya nilivyolisoma. Linataja ngozi, linataja macho, linataja watoto. Halitaji pamba. Halitaji joto. Mzazi anaweza kulisoma lote, akaelewa kila neno, kisha akachukua fulana kufuta gundi kwenye paja la mwanawe. Hatuna haja ya kunakili onyo lenye pengo. Tunaweza kuandika letu lililo kamili zaidi, na ndilo ombi ambalo mimi na walimu wenzangu tunataka lipelekwe kwa waagizaji na kwa mashirika ya viwango ya nchi zetu: kila pakiti ya supagluu, ya gundi ya kucha na ya gundi ya kope iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka kwa mwanga wa jioni, maneno haya:

Hunata ngozi na macho papo hapo. Hupata moto ikigusa pamba, sufu, karatasi laini, majivu, bekingi soda au simenti. Usifutie kwa kitambaa. Ikimwagika kwenye nguo, mwaga maji baridi mengi, usivue. Weka mbali na watoto na mbali na dawa ya macho.

Tumeyachapa kwenye vipande vya karatasi vyenye gundi nyuma, viko kwenye meza pale mlangoni. Kila fundi achukue viwili: kimoja akibandike kibandani kwake, na kingine ampelekee mwenye duka anayemuuzia.